Meza ya Kiitaliano kisiwani The Pearl: kilichobaki na kilichoondolewa

Mgeni anayeketi katika mgahawa wa Kiitaliano kwenye kisiwa cha The Pearl, mjini Doha, huletewa orodha ya vyakula ambayo mtu wa Roma angeitambua mara moja. Huanza vitangulizi vya baridi, kisha pasta au wali wa risotto, kisha samaki au nyama, na mwisho kitu kitamu na kahawa. Huo ndio utaratibu wa mlo wa Kiitaliano wa jadi. Pasta kwao si chakula kizima, wala haipakuliwi sahani moja na nyama. Ni hatua ya njiani, na anayeshiba hapo ameharakisha.

Hata hivyo, Mroma huyo akiisoma orodha kwa makini, ataona kwamba mara nyingi vitu viwili havimo: nguruwe na mvinyo.

Upungufu huo si mdogo. Pasta mbili mashuhuri za Roma, carbonara na amatriciana, hupikwa kwa shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mafuta yake ndiyo yanayobeba ladha yote. Wapishi wa Doha huweka mahali pake nyama ya ng'ombe au ya bata mzinga iliyotiwa moshi. Sahani hupatikana, lakini haina utelezi ule. Risotto nayo huanza kwa kukaanga mchele katika siagi na kuumwagia mvinyo mweupe, ambao ukali wake hukata mafuta. Pasipo mvinyo, mpishi hodari hutumia limau au siki kidogo. Asiye hodari huongeza jibini, na mlaji huondoka na uzito tumboni.

Busara ni kuagiza vyakula ambavyo havikupoteza kitu. Bresaola ya milima ya kaskazini mwa Italia ni nyama ya ng'ombe tangu asili yake. Cacio e pepe ya Roma ni jibini la kondoo na pilipili manga tu. Pasta ya Sicily yenye biringanya na nyanya haikumhitaji nguruwe hata siku moja.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Mjini Mogadishu, pasta iliyoletwa na wakoloni wa Kiitaliano imekuwa chakula cha nyumbani kwa vizazi kadhaa. Huliwa na mchuzi wa nyama ya mbuzi au ng'ombe na ndizi mbivu pembeni, na hakuna anayeulizia mvinyo.

Amri ya mwaka 2011

The Pearl ni kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, chenye ukubwa wa karibu kilomita 4 za mraba. Kilijengwa na kampuni ya United Development, na wakazi wake wa kwanza walihamia mwaka 2009. Jina lake, yaani Lulu, linakumbusha biashara iliyolisha Qatar kabla ya mafuta, ambayo wapiga mbizi wake walikuwamo watumwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952. Sehemu moja ya kisiwa, Qanat Quartier, imeigiza Venice, na mifereji yake na daraja linalofanana na lile la Rialto.

Mwanzoni, baadhi ya migahawa ya kisiwa hicho iliuza pombe. Mwezi Desemba 2011 ilitakiwa kuacha. Biashara ilishuka, na mwaka 2012 mgahawa wa Maze, wa mpishi maarufu wa Uingereza Gordon Ramsay, ulifungwa. Mvinyo ukabaki jambo la hoteli zenye leseni.

Pigo la pili lilihusu jibini. Juni 2017 Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, na mpaka wa nchi kavu, uliopitisha sehemu kubwa ya chakula, ukafungwa. Maziwa yaliadimika madukani. Mwezi uliofuata, kampuni ya Baladna ilianza kuleta ng'ombe kwa ndege, na leo maziwa na jibini vya shamba lake la jangwani vimo katika majokofu ya nchi nzima. Uhusiano ulirejeshwa Januari 2021, lakini ng'ombe hawakurudishwa.

Anayebeba sahani

Wahudumu wa migahawa ya Doha ni wageni karibu wote, wakiwamo Wakenya na Waganda wengi. Kijana aliyefunzwa kazi Malindi au Watamu, ambako watalii na walowezi wa Kiitaliano wamezoeleka kwa miongo kadhaa, aghalabu hulitamka jina la tagliatelle vizuri kuliko mteja wake.

Tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara nchini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, takriban dola 275. Mwajiri asiyetoa malazi huongeza riyali 500, na asiyetoa chakula huongeza 300. Hiyo ya chakula ni riyali 10 kwa siku. Mlo kamili wa watu wawili katika mgahawa wa hadhi wa The Pearl huzidi riyali 300 kwa urahisi. Yaani posho ya mwezi ya mhudumu huliwa mezani kwa saa mbili.

Mageuzi ya mwaka 2020 yalimruhusu mfanyakazi kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kibali cha yule wa kwanza. Mashirika ya haki za binadamu, hata hivyo, yameeleza kwamba baadhi ya waajiri huwazuia wanaotaka kuhama kwa kuripoti kuwa wametoroka kazini. Aidha, ingawa sheria ya Qatar inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, mawakala wengi huzidai huko anakotoka, kabla ya safari. Fedha hizo mara nyingi ni za mkopo, na mishahara ya miezi ya mwanzo huishia kwa mkopeshaji.