Je, Wajua? Kalamu huleta usingizi

Taa imezimwa, ndipo kichwa kinaanza kelele: ada ya mtoto, luku inakaribia kuisha, yule mteja hajapigiwa simu. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, vijana 57 walipewa dakika 5 za kuandika kabla ya kulala. Baadhi waliandika waliyokwisha kuyamaliza, wengine, yanayowangoja. Hao wa pili walipitiwa na usingizi mapema kwa takriban dakika 9, na kati yao, walioandika kwa kina zaidi walilala upesi zaidi. Kwa hiyo usiandike “mambo ya benki”, andika “saa 3 asubuhi, benki, chukua risiti.” Tena kwenye karatasi. Ukifungua simu, saa 7 usiku itakukuta ukitazama harusi ya mtu usiyemjua.