Tuzo za Kemia na Maji ya Bura
Kule Bura, Garissa, Mto Tana hubeba matope tele, na mbali na mto visima vingi hutoa maji ya chumvi. Anayeyanywa ana haki ya kuuliza tuzo za watafiti chipukizi wa kemia zamfaa nini. Aghalabu huishia kuning'inia ukutani. Mwaka 2015, hata hivyo, Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia kutoka Gongali, Karatu, alitwaa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, pauni 25,000 za Uingereza, kwa chujio la mchanga na chembe za nano. Mchanga huzuia matope. Chembe huteuliwa kulingana na uchafu wa mahali, mathalani floridi, ambayo Arusha huyatia meno rangi ya kahawia. Kwa hiyo chujio la Karatu halipelekwi Bura lilivyo. Sharti mkemia ayapime kwanza maji ya Bura.