Tusiwatishe Watoto kwa Sindano

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona la kuchekesha, kumbe limewaponza watu: hofu ya sindano.

Hospitalini kwetu aliwahi kuletwa mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mguuni. Alikuwa amelificha jeraha kwa siku tatu. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa sauti ndogo, "Niliogopa sindano." Nyumbani, kila alipofanya utundu, aliambiwa, "Nitakupeleka kwa nesi akuchome!" Ashukuriwe Mungu, alipata chanjo mapema na leo ni mzima. Lakini ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Mtoto yule angeweza kupotea kwa sababu ya tishio la mzaha.

Hata wakubwa huogopa, wakikumbuka sindano nyingi za tumboni za zamani. Siku hizi chanjo hiyo haichomwi tumboni. Mkubwa huchomwa mkononi karibu na bega, na mtoto mdogo pajani, kwa kawaida mara nne au tano. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hofu hii ni nini?

Mwenye hofu ya sindano si mkaidi. Mara nyingi hofu huanza utotoni, na huweza kuonekana kwa watu kadhaa wa ukoo mmoja. Moyo humwenda mbio na jasho humtoka. Kwa wengine, baada ya hapo mapigo ya moyo hupungua ghafla, presha ya damu hushuka, damu haifiki kichwani ya kutosha, na mtu huzirai. Watu husema, "Dawa ilikuwa kali," kumbe mara nyingi ni hofu. Hata hivyo, asiondoke kabla muuguzi hajamwangalia.

Tufanye nini?

1. Tusiwatishe watoto kwa sindano, wala tusiwadanganye kwamba haiumi. Mwambie, "Itauma kidogo, halafu itakwisha. Mimi nitakushika."

2. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati anapochomwa. Kunyonya hupunguza maumivu. Aliye mkubwa kidogo apakatwe akiwa ameketi, aimbiwe au asimuliwe hadithi. Asilazwe chali na kubanwa na watu watatu, maana hofu ya siku hiyo huweza kumfuata hadi uzeeni.

3. Mtu mzima anayeogopa aseme mapema, bila aibu. Tutamlaza kitandani, naye ageuze uso upande wa pili.

4. Mwenye kawaida ya kuzirai akaze misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka asikie joto usoni. Kisha ailegeze kwa sekunde 20 hadi 30. Arudie mara tano. Hilo huzuia presha kushuka. Mkono utakaochomwa ubaki umelegea. Njia hii ilielezwa na wataalamu wa Sweden mwaka 1987, na haigharimu hata senti moja.

5. Hofu ikiwa kubwa sana, mtu azoeshwe polepole: atazame picha ya sindano, siku nyingine ashike bomba lisilo na sindano, kisha amtazame mwenzake akichomwa, mwisho iwe zamu yake. Asirukishwe hatua.

Nasi wauguzi tukiri kosa letu. Mara ngapi tumemkaripia mgonjwa, "Mama mzima unaogopa sindano!" Mama huyo asiporudi kliniki, kipimo chake cha damu hakifanyiki na chanjo ya pepopunda haipati. Mimba yake inabaki katika hatari kwa sababu ya neno letu moja.

Basi wazazi, leo jioni waulizeni watoto wenu nesi ni nani. Wakijibu kwamba ni mtu wa kuchoma watoto watundu, tuna kazi ya kufanya, ninyi nyumbani nasi hospitalini.