Daftari la Wazee wa Golf

Golf, mjini Lubumbashi, ni mtaa wa kuta. Ukitoka katikati ya mji ukashika njia ya kwenda kwenye ziwa la manispaa na hoteli ya Karavia, unapita geti baada ya geti, yote ya chuma, yote yamefungwa. Jina la mtaa limetokana na uwanja wa gofu ulio jirani, urithi wa Wazungu wa enzi za ukoloni, mji ulipoitwa Elisabethville. Ukitaka kumwona jirani yako hapa hupigi hodi ukaingia. Unagonga chuma, unasubiri zamu, yaani mlinzi, achungulie kwenye kitundu, unajieleza wewe ni nani na umefuata nini. Mwenye kazi hali hiyo haimsumbui, maana kutwa hayupo. Humsumbua siku anapostaafu. Anaamka saa ile ile aliyoizoea miaka thelathini, anavaa, anakunywa chai, anafika mpaka kwenye geti lake mwenyewe, na hana pa kwenda.

Watu wa pwani wataona ni jambo la ajabu. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina baraza nje ya mlango, na mzee akishatoka ndani amekwisha fika. Pale Jaws Corner kahawa inamiminwa, dhumna zinapigwa, siasa inachambuliwa, wala hakuna aliyeandikishwa. Golf haina baraza. Ndiyo maana urafiki wa wazee hapa hauachiwi bahati nasibu: huundiwa komite.

Na komite si mzaha. Wakatanga watano hawakutani mara ya pili bila kuchagua prezida, makamu wake, sekretere, mtunza fedha na mshauri mmoja ambaye kazi yake ni kusuluhisha hao wengine. Kuna daftari la mahudhurio, kuna mchango wa kila mwezi, kuna faini kwa asiyekuja. Mgeni anaweza kucheka akiona wanaume wenye mvi wanaitwa majina kama watoto wa shule ili waende kutembea kando ya ziwa. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipoona daftari lile linafanya kazi gani.

Mazoea haya yametoka mbali. Kampuni ya machimbo ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaacha wafanyakazi wake walete wake na kukaa na familia kambini. Kambi ilitoa nyumba, posho, hospitali, shule ya watoto, timu ya mpira. Mtu hakutafuta rafiki, kwa sababu kampuni ilimpangia jirani, na jirani huyo alitoka mbali: Mluba wa Kasai ukuta kwa ukuta na Mbemba, Mrundi na mtu wa Sandoa. Kampuni ilipochukuliwa na serikali mwanzoni mwa 1967, ikaja kuitwa Gécamines, malezi hayo yaliendelea. Ndiyo maana watu wa Lubumbashi waliisema Gécamines kuwa ni baba na ni mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alipotoa kitabu chake cha 2001 juu ya wana wa Shaba, kichwa chake kiliwaita wana walioachwa na baba yao.

Miaka miwili baadaye, baba aliwafungulia mlango watoke. Mwaka 2003, kwa mpango uliosimamiwa pamoja na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hiari yenyewe ilikuwa ya mtu mwenye mishahara ya miezi mingi isiyolipwa. Wengi hawakuwa wazee. Lakini walikuwa wastaafu ghafla, na walichojua kufanya mara moja ni kujipanga: wakaandikishana, wakachagua wasemaji, wakaanza kudai. Hapa Lubumbashi chama cha madai na chama cha urafiki ni vigumu kuvitenganisha. Watu wanaopanga foleni pamoja kwa miaka huishia kujuana watoto, maradhi na misiba.

Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha zamani kuliko hicho, na hakihusu machimbo. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika makomuni ya Elisabethville, wale walioitwa maboi, kilitoa maandishi yaliyopigwa kwa taipu kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Aliyeyakusanya ni André Yav, naye mwenyewe aliwahi kutumika katika nyumba za Wazungu. Waliyaita *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini si kamusi hata kidogo. Ni historia ya mji wao, kuanzia kuja kwa Wazungu, mishahara, matusi, mabwana wema na mabwana wabaya, pamoja na hofu ya mitumbula, wale watu ambao iliaminika waliteka Waafrika usiku. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo yake, na tangu hapo wasomi wa historia ya Afrika wamekuwa wakiyanukuu.

Hebu tafakari waliofanya hivyo. Watu waliopika, waliofua na kupiga pasi kaptura za maofisa, upande ule wa mji ambako Mwafrika hakuruhusiwa kulala ila kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba ya bwana wake. Walipomaliza kazi hawakuwa na kampuni ya kuwapa kambi wala timu ya mpira. Wakajiundia chama. Na chama kilipokaa, hakikucheza karata tu, kiliandika. Leo wastaafu wanaokaa katika nyumba za Golf ni Wakongo: maprofesa wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliokuwa wakuu wa idara Gécamines au shirika la reli la SNCC, wafanyabiashara. Kwa mali wamewapita mbali wale maboi. Kwa kuandika waliyoyaona, sijaona kama wamewafikia.

Sasa twende ziwani. Chama ninachokijua mimi hukutana Jumapili alfajiri, kabla ya misa ya pili. Juni na Julai kuna baridi kali hapa, tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na wazee hufika wamevaa kofia za sufu na makoti mazito juu ya suruali za michezo. Salamu huchukua muda.

"Jambo, bazee!"

"Jambo sana, muzee. Uko namna gani?"

"Niko tu muzuri. Ni magoti njo inakatala."

Magoti yanakataa, lakini mwenyewe anakwenda. Wanatembea wawili wawili, wa mbele kwa kasi, wa nyuma kwa maongezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, hata aliyepita miaka 65, apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na wazee waongeze mazoezi ya usawa wa mwili na ya nguvu ili wasianguke. Sijamsikia mzee hata mmoja aliyekuja ziwani kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani. Wanakuja kwa sababu jina litaitwa.

Baada ya kutembea, wenye pumzi wanaingia uwanjani. Ni mpira wa wavetera: hakuna kukabana kwa nguvu, mchezaji anatoka na kurudi apendavyo, na refa huchaguliwa yule ambaye hakuna anayethubutu kumbishia. Wasiocheza wanakaa chini ya mwembe na ubao wa dame, ile watu wa Tanzania wanaiita drafti. Kete ni vizibo vya bia ya Simba. Mmoja anacheza na vizibo vilivyoangalia juu, mwenzake na vizibo vile vile vilivyolazwa kifudifudi. Anayelamba kete tatu kwa mpigo hazisogezi kimya, anazigonga kwenye ubao mpaka za mwenzake zinaruka, kisha anamwangalia machoni.

Maneno makali zaidi hata hivyo ni ya timu za mpira za mji huu, Mazembe na Lupopo. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939: Mazembe kwa mapadre Wabenedikto, Lupopo kwa watu wa reli. Mshabiki wa Mazembe ataanza na mwaka 2010 huko Abu Dhabi, walipoifunga Internacional ya Brazil na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Mzee wa Lupopo hashughuliki na hilo. Anarudi 1967, wakati Mazembe ilipokuwa Englebert, na anauliza kwa sauti ya upole kabisa: kombe lile la Afrika mlilichukua kwa magoli mangapi? Kwa sababu fainali mbili na Asante Kotoko ya Ghana zilikwisha kwa sare, na katika ile ya kukata shauri Waghana hawakutokea. Swali hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Jibu ni lile lile, kwamba mwaka 1968 walilibeba tena na safari hiyo mpinzani alikuwepo uwanjani. Hakuna anayetaka mjadala uishe.

Vyeo vya zamani haviachwi getini. Aliyekuwa mkurugenzi bado anaitwa "direkta", aliyekuwa fundi wa treni anaitwa "shefu", nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Wakati mwingine fundi yule ndiye prezida wa chama, na direkta ndiye anayepigwa faini kwa kuchelewa. Nadhani direkta anaipenda faini ile kuliko anavyokubali. Nyumbani kwake hakuna mtu tena anayethubutu kumwambia amekosea.

Faini yenyewe haizidi bei ya chupa moja ya bia. Uzito wake ni kitu kingine. Mzee aliyekosa Jumapili moja hupigiwa simu. Akikosa ya pili, wawili wanatumwa kwake, nao wanagonga geti, na zamu anajua sura zao. Nilimsikia sekretere akimwuliza mmoja aliyerudi:

"Muzee, tulikukosa."

"Nilikuwa na mugonjwa ku nyumba."

"Pole sana, baba. Mama anaendelea je?"

"Afadhali leo."

"Tunashukuru Mungu. Basi leta amande."

Akatoa pesa ya faini, watu wakacheka, na jioni wanne kati yao walikuwa sebuleni kwake wakimwangalia mgonjwa. Ndilo ninalotaka kulisema juu ya vyama hivi: urafiki wa uzeeni, angalau kwa wanaume wa hapa, haujengwi kwa kupendana kwanza. Unajengwa kwa kuwajibishana, mapenzi yanafuata nyuma yake. Mwanamume wa kizazi kile hataki kumpigia simu mwenziwe na kusema nimekukumbuka. Lakini akiwa sekretere, akiwa na daftari, anapiga simu bila haya, kwa sababu ni kazi.

Mizani ya chama chochote Lubumbashi ni kilio. Mtu akifiwa, viti vinapangwa nje, turubai linafungwa, wanawake wanakaa ndani kwenye mikeka, wanaume wanazunguka moto, na majirani wanakuja kulala kilio usiku mzima. Wajukuu wana ruhusa ya kufanya mzaha, kumwigiza marehemu na kuwatoza waombolezaji pesa, na kukasirika ni aibu yako. Golf kilio kinatia hofu ya pekee. Ukuta uliokulinda miaka yote unaweza kufanya kilio chako kijae viti vitupu. Wazee wanalijua hilo vizuri. Chama kinapofika kimepanga safu, na fulana za aina moja, na bahasha yake inaandikwa kwenye daftari la michango mbele ya wote, familia inapumua. Mtu wao alikuwa na watu.

Kuna mambo yasiyonifurahisha. Baada ya mpira, michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, na chupa kubwa za Simba huharibu kwa saa mbili kile kilichotengenezwa kwa saa moja, na wenye sukari na presha ndio wa kwanza kuagiza. Wachache wamehamia kwenye munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, wanavumilia utani. Wake zao, waliostaafu ualimu na uuguzi, wanaambiwa wana vikundi vyao vya kanisa na likelemba zao, yaani michango ya kupokezana, kwa hiyo hawahitaji. Sina hakika kama kuna aliyewauliza. Na mchango wa kila mwezi, mdogo kwa mwenye nyumba ya kupangisha, ni mzigo kwa anayetegemea pensheni peke yake. Aliyeshindwa kulipa hafukuzwi, lakini huanza kutoonekana mwenyewe. Komite yenye akili humpa kazi ya kutunza mipira na kumfutia deni, bila kutangaza.

Kwa hiyo msomaji mwenye baba aliyestaafu, anayeshinda sebuleni nyuma ya geti, usimnunulie televisheni kubwa zaidi. Mpeleke ziwani Jumapili moja alfajiri, mlipie mchango wa mwezi wa kwanza, jina lake liandikwe kwenye daftari. Na umpe na daftari tupu la kwake, aandike aliyoyaona mjini humu, kama walivyofanya wale maboi mwaka 1965.