Nyumba Nyepesi, Ardhi Nzito

Nyumba ya kiwandani, yaani ile ambayo kuta, sakafu na paa vyake hutengenezwa mbali na kuletwa kwa lori ili viunganishwe kiwanjani, husifiwa kwa wepesi na haraka yake, lakini sifa hizo ni za jengo na wala si za ardhi inayolipokea. Jambo hilo hudhihirika Cheptiret, katika eneo bunge la Kesses, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako mashamba ya mahindi na ngano yanazidi kugawanywa kuwa viwanja vya makazi.

Kwa kuwa ardhi hiyo aghalabu ni ya kilimo, ununuzi wake huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ujenzi wenyewe, hata wa nyumba iliyokuja ikiwa tayari, huhitaji kibali cha serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

Udongo ndio mzizi wa kazi yote. Uwanda wa Uasin Gishu, iliko Cheptiret, ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, una udongo mwekundu juu ya moramu katika sehemu za mwinuko, ilhali mabondeni hupatikana udongo mweusi ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Wengi hudhani kwamba nyumba nyepesi haidhuriki na udongo huo, kumbe ni kinyume, kwa sababu jengo zito huukandamiza udongo unapofura, na jengo jepesi huinuliwa upande mmoja hadi milango ikakataa kufunga. Kwa hiyo udongo mweusi huchimbwa na kuondolewa, na nafasi yake hujazwa moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Visiki navyo hung'olewa pamoja na mizizi, hasa palipokuwa na miti ya miwati au mikalitusi, maana kisiki kilichofukiwa huoza, hualika mchwa na kuacha shimo chini ya sakafu.

Mvua hunyesha kuanzia Machi au Aprili hadi Septemba, hivyo Desemba hadi Februari ndio wakati bora wa kuchimba na kumwaga zege, ambayo hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28. Mitaro ya kuelekeza maji mbali na msingi hutangulia nyumba, na vivyo hivyo njia ya lori, kwani kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2 na halipindi kwenye kichochoro cha shambani. Boliti za kuifunga nyumba kwenye msingi zisipuuzwe, kwa kuwa upepo hung'oa kilicho chepesi.

Anayenuia kuagiza nyumba ya aina hii na achimbe kwanza shimo la kupima udongo, kisha ndipo alipe kiwanda malipo ya awali.