Usimwogeshe mbwa mdogo kwa dawa ya ng'ombe

Jioni ya siku ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, katika maboma mengi ya Kericho na Bomet, hubaki dawa kidogo ndani ya bomba. Mwenye boma hutazama huku na huku, akamwona mbwa mdogo wa watoto akijikuna mlangoni pa jikoni, masikio yamejaa kupe. Nani atakayemwaga dawa iliyonunuliwa kwa pesa? Mbwa hushikwa, akamiminiwa yote iliyobaki, na kazi ikawa imekwisha. Kabla ya giza kuingia, mbwa anayumbayumba kama mlevi, udenda unamtoka na mwili umekuwa baridi. Asubuhi watoto wanamzika kando ya chai.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mwenye mbwa alikuwa na nia njema. Kupe na viroboto ni adui wa kweli, na mbwa asiyekingwa anaweza kufa kwa maradhi wanayoleta. Lakini dawa ya mnyama wa kilo 5 haichaguliwi kama ya mnyama wa kilo 400. Mambo manne ndiyo yanayoamua kama dawa itamponya au itamuua: imetengenezewa mnyama gani, mbwa ana uzito gani, ana umri gani, na hali yake ya afya ikoje.

ADUI WATATU

Katika nchi yetu hii ya chai, wa kwanza kuogopwa ni kupe. Yule wa kahawia anayependa mbwa hakai malishoni tu kama kupe wengi wa ng'ombe. Huishi pale mbwa anapolala, hupanda kuta, hujificha katika nyufa za mbao na chini ya magunia, na jike mmoja aliyeshiba damu anaweza kutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo sababu mtu humtoa mbwa kupe wote leo, na baada ya majuma machache akawakuta wengine.

Kupe huyo huleta maradhi mawili makubwa. La kwanza ni babesia, vijidudu vinavyoharibu chembe nyekundu za damu. Mbwa hupata homa, ufizi wake huwa mweupe badala ya kuwa wa waridi, na mkojo hugeuka rangi kama chai ya rangi iliyokolea. La pili ni erlikia, ambalo huharibu uwezo wa damu kuganda. Mbwa hukonda, hukataa chakula, na pengine hutokwa na damu puani. Ugonjwa huu uliwahi kuitwa ugonjwa wa kutoka damu wa Nairobi, na ndio huo huo ulioua mbwa wengi wa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Maradhi yote mawili yana dawa, mradi mbwa afikishwe kwa daktari mapema. Binadamu naye hasalimiki, kwa kuwa kupe wa mbwa wanaweza kumwambukiza mtu homa ya kupe.

Adui wa pili ni kiroboto. Wengi humwona kuwa kero tu, lakini mbwa mchanga aliyejaa viroboto hunyonywa damu hadi akaishiwa nguvu. Tena kiroboto hubeba viluwiluwi vya tegu. Mbwa akijiuma na kummeza kiroboto, tegu huingia tumboni. Mtoto anayecheza na mbwa huyo akammeza kiroboto bila kujua, naye hupata tegu huyo.

Wa tatu ni minyoo ya moyo. Hii huletwa na mbu, wala haitoki kwa mbwa mmoja hadi mwingine moja kwa moja. Mbu huingiza viluwiluwi vidogo mno, ambavyo baada ya miezi kama sita huwa minyoo mirefu ya kufikia sentimita 30, ikikaa ndani ya moyo na mishipa ya mapafu. Mbwa hukohoa, huchoka upesi, na mwishowe tumbo huvimba maji.

Je, mbwa wa Kericho yumo hatarini? Viluwiluwi hivyo huhitaji joto ili vikomae ndani ya mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 14 hukoma kukua. Kericho iko kwenye kimo cha karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hivyo hatari ni ndogo kuliko Mombasa, Malindi au Lamu. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba hatuna mbu. Milipuko ya malaria katika mashamba ya chai ya Kericho miaka ya 1990 ilitufunza. Mbwa aliyeletwa kutoka pwani, au anayesafiri huko na wenyewe wakati wa likizo, apimwe damu na aanzishiwe kinga. Kwa mbwa asiyetoka hapa, pesa chache zilizopo zitumike kwanza kwa kupe na viroboto.

KWA NINI MDOGO HUDHURIKA UPESI

Ngozi ya mnyama mdogo ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, kwa hivyo dawa aliyomwagiwa humwingia nyingi zaidi kwa kila kilo. Humwagiwa, kisha hujilamba, ikamwingia mara ya pili kwa mdomo. Akiwa bado mtoto, ini lake halijakomaa kuisafisha sumu. Na akiachwa amelowa jioni ya baridi ya Kericho, joto la mwili hushuka haraka.

Dawa za kuogeshea ng'ombe si za aina moja. Ipo amitraz, ambayo wakulima wengi huitumia kila juma kuwakinga ng'ombe na ndigana. Madaktari wa mifugo huitumia pia kwa mbwa wenye upele fulani, lakini kwa kipimo chao na chini ya uangalizi. Ikizidi, mbwa husinzia, moyo hupiga polepole na mwili hupoa. Haifai kabisa kwa watoto wa mbwa, mbwa wenye mimba, wenye kisukari na wale wa kabila dogo mno. Zipo pia dawa za jamii ya oganofosfeti, kama klofenvinfosi. Hizi humfanya mbwa atokwe na udenda na machozi, aharishe, atetemeke na ashindwe kupumua.

Hatari huzidi pale dawa inapouzwa kwa kipimo kidogo, ikamiminwa ndani ya chupa ya soda isiyo na karatasi ya maelezo. Mnunuzi hajui ni dawa gani, ina nguvu kiasi gani, wala muda wake uliisha lini. Dawa ya namna hiyo usimpe mnyama yeyote.

SINDANO YA MINYOO

Kosa jingine ni kutumia sindano ya ivermectin ya ng'ombe. Dawa hii ni nzuri, na waliohusika kuivumbua, William Campbell na Satoshi Omura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndiyo inayotumiwa pia kukinga mbwa dhidi ya minyoo ya moyo. Ila tazama hesabu yake.

Kinga ya minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 kwa kila kilo, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 5 huhitaji mikrogramu 30 tu. Mililita moja ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000. Maana yake ni kwamba mililita hiyo moja ingetosha mbwa zaidi ya 300 wa ukubwa huo. Kipimo cha mbwa mmoja ni sehemu tatu za elfu za mililita, na hakuna bomba la sindano katika duka lolote linaloweza kupima kiasi hicho. Anayesema atampa "tone moja tu" hajui anampa kiasi gani.

Isitoshe, wapo mbwa ambao ubongo wao hauna kinga ya kutosha dhidi ya dawa hii ikizidi. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State nchini Marekani walitambua kasoro ya urithi inayosababisha jambo hilo, hasa kwa mbwa wa kabila la Collie na jamaa zao wa kuchunga mifugo. Mbwa wetu wengi ni chotara, na mwenyewe hajui babu zao walikuwa akina nani. Mbwa aliyezidishiwa hutanuka mboni, hupofuka, hutetemeka, kisha huzimia, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo.

CHA KUCHAGUA

Kwanza, mpime. Mkulima wa chai hakubali karani wa kituo cha kununulia majani akisie kilo zake kwa macho, hudai mizani. Mbwa naye apimwe hivyo hivyo. Panda kwenye mizani ya watu ukiwa umembeba, soma, kisha pima mwenyewe bila mbwa, na utoe. Uandike uzito huo pamoja na umri wake, uende nao dukani au kwa daktari.

Dawa zilizotengenezewa mbwa ziko za aina kadhaa. Ipo ya matone, inayowekwa kwenye ngozi baina ya mabega mahali asipoweza kulamba. Yenye fipronil hutumika kwa watoto wa mbwa kuanzia majuma manane, na kipimo cha mbwa wadogo kina pakiti yake. Asiogeshwe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Kwa kuwa mvua ya kwetu hunyesha karibu kila alasiri, mtie matone asubuhi akiwa mkavu, na umweke ndani mpaka yakauke.

Upo ukosi wa shingoni wenye dawa, ambao mwingine hukinga kwa miezi saba au minane. Huu wafaa nyumba isiyokumbuka tarehe. Uache nafasi ya vidole viwili kati ya ukosi na shingo, na kipande kinachobaki ukikate, asije akakitafuna.

Vipo pia vidonge vya kutafuna vinavyoua kupe na viroboto, vingine kwa mwezi mmoja na vingine kwa miezi mitatu. Ni rahisi kutumia na havioshwi na mvua, lakini bei yake ni ya juu. Mwaka 2018, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitahadharisha kwamba dawa za jamii hii zaweza kuwaletea baadhi ya mbwa mitetemeko au kifafa. Wengi hawadhuriki, ila mwenye mbwa aliyewahi kuanguka kifafa amweleze daktari kabla ya kununua.

Dawa yoyote utakayochagua, usigawe pakiti ya mbwa mkubwa kwa wadogo wawili, kwani dawa huenda isigawanyike sawasawa. Usichanganye dawa mbili za kupe kwa wakati mmoja. Na kama una paka, uliza kwanza, maana permethrin, ambayo mbwa huistahimili, humuua paka. Vidonge vya kawaida vya minyoo ya tumbo navyo visidhaniwe kuwa kinga ya minyoo ya moyo.

NYUMBA NAYO ITIBIWE

Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni wachache. Wengi wako chini, wakiwa mayai na viluwiluwi katika vumbi la sakafu na matandiko. Fua gunia au blanketi la mbwa kwa maji moto kila juma na ulianike juani. Fagia pembe zote na uchome taka. Ziba nyufa za kibanda chake na ufyeke nyasi zinazokizunguka.

Mbwa mchanga asiyefikia umri wa dawa akaguliwe kila siku, hasa masikioni, kwapani na kati ya vidole. Viroboto waondolewe kwa chanuo la meno ya karibu na maji ya sabuni, kisha akaushwe vizuri. Kupe ashikwe kwa kibano karibu na ngozi na avutwe moja kwa moja. Usimchome kwa sigara wala kumpaka mafuta ya taa, na watoto wasimpasue kwa vidole.

AKIDHURIKA

Ikiwa amekwisha kumwagiwa dawa isiyo yake, vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe na umfunike apate joto. Usimnyweshe maziwa, na usimlazimishe kutapika. Mpeleke kwa daktari mara moja pamoja na chupa ya dawa. Chupa hiyo ni muhimu kuliko maelezo yako: atropini, ambayo humwokoa mbwa aliyedhuriwa na oganofosfeti, yaweza kumzidishia madhara aliyedhuriwa na amitraz.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hivyo ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe ndiyo pa kuanzia. Mtaalamu wa kweli amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na hataudhika ukimwomba cheti. Siku utakayompeleka mbwa kuulizia dawa ya kupe, achanjwe pia dhidi ya kichaa cha mbwa.

Na ile dawa inayobaki katika bomba? Changanya ya kuwatosha ng'ombe peke yao. Ikibaki, wanyunyizie wao hao ng'ombe mpaka iishe, usiimwage mtoni, kisha uoshe bomba na ulifungie stoo. Mbwa wa watoto ana dawa yake.