PENSHENI: HESABU YAKE NA HAKI YAKE

Twaandika habari hii kwa sababu ya maswali yaulizwayo sana katika Nyanda za Juu Kusini, toka Iringa na Mafinga mpaka Mbeya na Tukuyu. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini, siku yake ya kupumzika ifikapo, aona fedha alizozitegemea zimepungua kiasi cha nusu. Auliza, "Je, nimedhulumiwa?" Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe, aliyekatwa mshahara wake kila mwezi, auliza, "Na mimi nina haki gani?" Na mkulima wa mahindi, asiyepata kukatwa hata senti moja, auliza kama mambo haya yamhusu hata kidogo. Haifai kuyajibu maswali haya kwa hasira, wala kwa maneno ya kilabuni. Yafaa kuyajibu kwa hesabu, kwa kuwa hesabu haimpendelei mtu.

MAANA YA PENSHENI

Kila msomaji wetu akijua kihenge cha mahindi. Wakati wa mavuno mtu hujaza, ili wakati wa njaa apate kula. Pensheni ni kihenge cha watu wengi pamoja. Mtumishi hutia sehemu ya mshahara wake, na mwajiri wake hutia sehemu yake; na atakapokuwa mzee, kihenge kile humlisha mpaka siku ya kufa kwake. Mtumishi wa Serikali hutoa asilimia 5 ya mshahara, na Serikali hutoa asilimia 15. Katika kazi za watu binafsi jumla ni ile ile, asilimia 20, nayo sheria yamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Lakini hapewi pensheni ya kila mwezi mtu asiyechangia miezi 180, yaani miaka 15.

Basi fedha hizi si sadaka. Ni ujira wa mtu uliocheleweshwa kwa faida yake mwenyewe. Neno hili likumbukwe, kwa maana ndilo msingi wa haki yote tutakayoisema.

VIHENGE VYAINGIA KATIKA KIMOJA

Mifuko ya nchi hii haikuanza siku moja. Mwaka 1942 palitungwa sheria ya akiba ya watumishi wa Serikali, na mwaka 1944 ya watumishi wa serikali za mitaa. Wafanyakazi wengi wa mashamba hawakuwa na mfuko wo wote mpaka mwaka 1964, ulipoanzishwa Mfuko wa Taifa wa Akiba. Nao ulimrudishia mtu michango yake pamoja na riba kwa mara moja tu, pasipo pensheni ya kila mwezi. Mwaka 1997 sheria iliugeuza mfuko huo kuwa NSSF, wenye kulipa pensheni. Watumishi wa mashirika ya umma walipata mfuko wao, PPF, mwaka 1978. Na watumishi wa Serikali kuu walipata PSPF mwaka 1999.

Kila mfuko ulikuwa na hesabu yake. Watu wawili wenye mshahara mmoja na miaka sawa ya kazi waliweza kustaafu siku moja, mmoja akapata mkupuo mkubwa na mwenzake mdogo, kwa sababu tu ya jina la mfuko. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF, wa watumishi wa umma. Na NSSF ikaachiwa watu wa kazi za binafsi na wale wajiajirio wenyewe. Ndipo kanuni moja ya hesabu, ambayo watu huiita kikokotoo, ilipotangazwa kwa wote, mkupuo ukiwa asilimia 25. Wafanyakazi walilalamika sana. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliisimamisha kanuni hiyo, akaamuru hesabu za zamani ziendelee mpaka mwaka 2023. Baada ya mashauriano, kanuni mpya ilianza tarehe 1 Julai 2022, mkupuo ukiwa asilimia 33. Kisha katika bajeti ya mwaka 2024 mkupuo uliongezwa kuwa asilimia 40 kwa wale ambao zamani walipata 50, na asilimia 35 kwa wale ambao zamani walipata 25.

HESABU YENYEWE

Tumfikirie mwalimu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na mshahara wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, au 12,000,000 kwa mwaka. (Katika kanuni ya sasa mshahara huo ni wastani wa miaka mitatu iliyo bora katika miaka kumi ya mwisho.)

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi yake 360 iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka. Pensheni kamili ya mwaka ni shilingi 8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, akapewa mkupuo wa shilingi 62,000,000. Nusu iliyobaki alilipwa kidogo kidogo, shilingi 333,333 kila mwezi.

Kwa kanuni ya mwaka 2022, miezi yake yagawanywa kwa 580. Pensheni kamili ya mwaka ni shilingi 7,448,276. Sehemu ya mkupuo yazidishwa kwa 12.5. Kwa asilimia 33 apata shilingi 30,724,138, na kila mwezi shilingi 415,862. Kwa asilimia 40 apata shilingi 37,241,379, na kila mwezi shilingi 372,414.

Sasa twamwomba msomaji atazame kwa makini, maana hapa ndipo wengi wapoteapo njia. Watu hubishana juu ya asilimia: 25, 33, 40 au 50. Lakini asilimia peke yake haimwibii mtu wala haimtajirishi. Mkupuo ni pensheni iliyolipwa mapema. Kwa namba 12.5, mtu hupewa leo malipo ya miaka kumi na miwili na nusu ya sehemu ile aliyoichukua. Aliyestaafu na miaka 60, akifa kabla ya kutimiza miaka 72 na nusu, ingalimfaa mkupuo mkubwa. Akiishi zaidi ya hapo, malipo makubwa ya kila mwezi yamfaa zaidi.

Mahali hasa palipopungua ni katika namba mbili zisizotajwa sana. Kutoka 540 kwenda 580 kulipunguza pensheni yenyewe kwa karibu asilimia 7. Kutoka 15.5 kwenda 12.5 kulipunguza thamani ya mkupuo kwa zaidi ya asilimia 19. Ushahidi ni huu: hata kama mwalimu wetu angerudishiwa asilimia 50 yake leo, kwa namba mpya angepata shilingi 46,551,724 tu, wala si 62,000,000. Kwa hiyo asemaye kwamba mtumishi hakupoteza cho chote, bali amehifadhiwa fedha yake, hakusema kweli yote. Naye asemaye kwamba kurudisha asilimia 50 kutamaliza jambo, hakupiga hesabu.

Kadhalika yafaa kukumbuka upande wa pili. Mfanyakazi wa NSSF mwenye miaka na mshahara ule ule, ambaye zamani alipata mkupuo wa asilimia 25, yaani shilingi 23,275,862, kwa asilimia 35 apata shilingi 32,586,207. Huyu mkupuo wake umeongezeka. Kilichoonekana kuwa msiba katika nyumba ya mwalimu kilionekana kuwa nafuu katika nyumba ya fundi wa kiwanda cha chai.

KWA NINI KIHENGE KILIPUNGUA

Haitoshi kusema namba zimegeuzwa. Yapasa kuuliza sababu. Kabla ya tarehe 1 Julai 1999 watumishi wa Serikali kuu hawakukatwa mshahara kwa ajili ya pensheni; Hazina ndiyo iliyowalipa. PSPF ulipoanza ulibebeshwa wazee hawa pamoja na miaka yao yote ya nyuma, ambayo hakuna mtu aliyeitilia kihenge hata debe moja. Serikali iliahidi kulitia deni hilo, lakini kwa miaka mingi deni liliendelea kukua huku mfuko ukilipa. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa hatifungani za shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF ili kupunguza deni hilo. Ni jambo jema. Lakini laonyesha pia kwamba shimo halikuchimbwa na mwalimu.

Basi haki iko wapi? Sisi twaona kwamba mambo mawili ni kweli kwa pamoja. Kwanza, mfuko usioweza kulipa si mfuko. Ahadi kubwa iliyovunjika humwumiza mzee kuliko ahadi ndogo iliyotimizwa, na kijana aanzaye kazi leo ana haki ya kukikuta kihenge kina nafaka. Pili, mtu aliyekwisha kutembea safari nzima kwa kuamini kipimo kimoja, haifai kubadilishiwa kipimo akiwa karibu na mlango. Kijana ana miaka thelathini ya kujitayarisha. Mwenye miaka 58 hana. Mabadiliko ya namna hii yangefaa kuwashukia kwa uzito waanzao, na kwa wepesi wamalizao. Nyongeza ya mwaka 2024 ilielekea njia hiyo, ijapokuwa haikuigusa ile 580 wala ile 12.5.

WALIOTOLEWA KAZINI

Haki hupimwa zaidi kwa mnyonge kuliko kwa mwenye nguvu. Mchuma chai au mkata magogo wa Sao Hill aghalabu hufanya kazi kwa msimu. Huchangia miezi minane, hukaa nyumbani, kisha hurudi. Ili atimize miezi 180 kwa mwendo huo, yampasa kufanya kazi zaidi ya miaka ishirini na miwili. Aliyepoteza kazi pasipo kuiacha mwenyewe, naye amechangia si chini ya miezi 18, aweza kudai fao la kukosa ajira, nalo ni asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. Aliyeacha kazi kwa hiari hapati. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi kwa hasira, mtu na afikiri mara mbili.

Liko pia jambo la mwaka 2017, watumishi wengi walipofukuzwa kwa sababu ya vyeti vya kughushi. Wengine walisema mwongo hastahili kitu. Mwaka 2022 Serikali ilikubali kuwarudishia michango waliyokatwa wenyewe, isipokuwa ile ya mwajiri. Twaona huo ni uamuzi wa haki: kosa lao liliadhibiwa, lakini jasho lao halikunyang'anywa.

NA MKULIMA JE?

Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 yataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini Ibara ya 7 yasema sehemu hiyo haiwezi kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo mkulima wa Mbozi au Kilolo, ambaye mahindi yake hulisha miji, anayo haki iliyoandikwa, lakini hana mlango wa kuipigia hodi. Zanzibar walianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Na baadaye wakaongeza hadi 50,000. Huko Tanzania Bara, mkulima apendaye aweza kujiandikisha NSSF kwa hiari yake.

YAFAAYO KUTENDWA

Twawashauri wasomaji wetu mambo manne. Kwanza, kila mtumishi adai taarifa ya michango yake kila mwaka, asingoje siku ya kustaafu. Mwajiri apaswa kuipeleka michango ndani ya siku 30 baada ya mwezi kwisha. Akikata asipeleke, miezi ile yaweza kukosekana katika hesabu. Pili, mtu atunze barua yake ya ajira, barua za vyeo na hati za mshahara mahali pasipofika mchwa wala mvua. Tatu, tarehe ya kuzaliwa na majina ya warithi yaandikwe kwa namna moja katika karatasi zote, kwa kuwa mjane asiye na karatasi hupata taabu nyingi. Nne, mwalimu aifanye hesabu yake mwenyewe kwa njia tuliyoionyesha, miaka mitano kabla ya kustaafu, ndipo aanze kupanga nyumba au shamba.

Nanyi wazee na viongozi wa vijiji, ambao huombwa shauri na kila mtu, wafahamisheni watu kwamba kuuliza juu ya pensheni si utovu wa adabu. Aliyetia debe lake kihengeni kwa miaka thelathini ana haki ya kufungua mlango na kuchungulia ndani.